Nani Aliwatuma Wafute Jina la Mwanangu?

Jumamosi jioni, Kiganjo, hapa Thika. Baridi ya Julai imekataa kwenda, manyunyu yameanza tena, na mimi nina hasira. Ninaandika hapa kwa sababu nikianza kuongea na mtu leo nitamaliza urafiki wote niliobaki nao.

Jana nilirudi kutoka Mwihoko, kwa mama mkwe. Nilikaa kwake wiki nzima tukilia pamoja bila mtu wa kutuambia tujikaze. Mwanangu alipewa jina la babu yake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo shosho, nyanya yake huyo, alikuwa akimwita "mume wangu" na kumdai sukari ya chai. Kimani alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Sasa shosho amezika mume mara mbili, na wa pili alikuwa na miaka sita. Homa ya mapafu ilimchukua wakati wa mvua ndefu.

Basi jana nikaenda kufungua kibanda changu, maana shule zinataka sweta na mashine yangu ya kufuma imelala muda mrefu. Nilikipita. Nilipita kibanda changu mwenyewe nikidhani ni cha mtu mwingine!

Kibao changu kilikuwa kimeandikwa MAMA KIMANI, SWETA NA SARE. Sasa kimepakwa rangi ya samawati na kuandikwa MWANZO MPYA. Pembeni kuna maua.

Maua!

Mume wangu akaniambia ni akina mama wa ushirika wetu wa kanisa. Walikuja na rangi, brashi na nyimbo, wakasema wanataka kunipa zawadi nikirudi. Eti yeye angewafukuzaje akina mama wa kanisa? Angewafukuza kwa mdomo, kama watu wengine.

Hata hivyo mambo haya hayakuanza na kibao. Siku chache baada ya mazishi nilianza kusikia "Dada Esta". Esta ni jina langu la ubatizo na sina ugomvi nalo, lakini tangu Kimani azaliwe hakuna mtu wa Kiganjo aliyelitumia isipokuwa wauguzi wa kliniki. Kwanza nilidhani ni mmoja amejisahau. Kisha wakawa wote. Mtu anaanza "Mama Ki...", anameza mate, anamalizia na "Dada". Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba walikaa kikao wakakubaliana. Kikao kuhusu jina langu, na mimi sikualikwa.

Mume wangu je? Kule gereji bado ni Baba Kimani kutwa nzima, Baba Kimani lete spana, Baba Kimani shika hapa. Wanaume hawakumfanyia kikao chochote.

Nilimpoteza mtoto, kisha wakaniondolea hata kuwa mama yake.

Na niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Tangu tumzike sijaomba. Kanisani naenda, nasimama wakisimama, nakaa wakikaa, mdomo unacheza tu. Mungu nilikuwa nimemnunia. Watu walipokuja nyumbani na maombi ya faraja nilikuwa nikiwahesabia vikombe na kungoja waondoke.

Leo ushirika ulikuwa mtaa wa Landless, kwa Mama Joy, mwenyekiti wetu. Nilikwenda nikiwa nimeshajipanga kunyamaza. Sebuleni walikuwepo Mama Joy, Mama Shiru, Mama Nafula, Mama Brayo, na wengine, kila mmoja akiitwa kwa mtoto wake. Na Dada Esta. Nilikunywa chai, nikala mandazi, nikawashukuru kwa rangi. Adabu ilinishika mpaka Mama Joy alipoanza kuomba.

"Baba, tunakushukuru kwa vile umemsahaulisha dada yetu uchungu, ukampea mwanzo mpya..."

Nikafungua macho. Kwetu unaweza kuchelewa ibada, unaweza hata kusinzia na ukasamehewa, lakini kumkatiza mtu akiomba ni jambo lisilosikika. Mimi nilimkatiza.

"Mama Joy, ngoja kwanza. Mungu atatungojea. Nani amesahau?"

"Ai, Dada Esta, si tuko kwa maombi?"

"Ndiyo maana nauliza. Nani aliwatuma mfute jina ya mtoto wangu?"

Macho yote yakafunguka. Mama Joy alishika leso yake kwa mikono miwili. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya.

"Wacha nikwambie ukweli," akasema. "Tuliona vile ulianguka pale kwa kaburi mtu akikuita Mama Kimani. Tukasema hiyo jina inakudunga. Hatukutaka kukuumiza, haki."

Ni kweli nilianguka. Ningeanguka hata kama wangeniita malkia. Nilikuwa namzika mtoto.

"Sasa niambieni," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda hadi kwa jirani. "Yesu alipokufa msalabani, kuna mtu alimwambia Mariamu wewe si mama tena? Nyinyi mnaamini ufufuo ama mnaimbanga tu?"

"Tunaamini," wakasema, kwa woga, kama darasa mbele ya mwalimu.

"Basi Kimani ako wapi?"

Mama Joy alijibu polepole. "Ako na Bwana."

"Kama ako, ako na mama. Mama yake ni nani?"

Hapo nikajisikia mwenyewe. Nilikuwa nimesema *ako*. Tangu mazishi nimekuwa nikisema alikuwa anapenda ndizi, alikuwa analala na soksi, alikuwa, alikuwa. Wachungaji na wazee walikuja na maandiko wakashindwa kunitoa mdomoni hilo *ako* moja, likaja kutolewa na hasira, mbele ya sahani ya mandazi. Ninaamini. Sikujua kama bado ninaamini, hadi nilipokuwa nabishana. Nikaketi, nikalia kwa sauti bila aibu.

Ndipo Mama Nafula akanisogelea. Alitoka Bungoma akiwa bado msichana, anafanya kazi kiwandani, na tunawajua wavulana wake wawili. Huyo Nafula tulidhani ni binti aliyebaki nyumbani kwa nyanya yake.

"Nafula hakumaliza mwaka," akasema. "Nilikuja hapa Thika watu wakaniuliza naitwa nani, nikasema Mama Nafula. Sikuwa nawadanganya. Kila Jumamosi mkiniita, mimi hufurahi."

Miaka yote hiyo! Tumelitaja jina la yule mtoto kwenye chai, kwenye harusi, kwenye maombi ya mkesha, na mama yake alikuwa akifurahi kimyakimya. Mama Joy akaziba mdomo kwa leso. Kisha akaomba ruhusa amalizie sala. Akaanza na "Dada", akasita, akasema "Mama Kimani", na sauti ikamkatika hapo. Nilisema Amina kabla hajafika mwisho. Ilinitoka yenyewe, na nilikuwa naimaanisha.

Msidhani hasira imeisha. Nimewaambia Jumatatu warudi na brashi zilezile waandike kama ilivyokuwa. Walicheka, mimi sikucheka. Maua wanaweza kuyaacha, maana hayo hayana kosa.

Na wewe Mungu, nisamehe kwa kelele, ila bado tuna maneno, mimi na wewe. Leo nitayasema kwako moja kwa moja. Kukununia kumenichosha.

Kesho ni Jumapili na kutakuwa na wageni kutoka kanisa la Ruiru. Baada ya ibada wanawake husalimiana, na swali la pili huwa ni lilelile: una watoto wangapi? Nimekuwa nikilikimbia swali hilo kwa kutokea mlango wa kando kabla ya chai. Kesho nitabaki. Wakiuliza nitawaambia ninaye mmoja, anaitwa Kimani, ametangulia.