Programu Yako ya Muziki Imefungwa, Baba Neema

Mume wangu mpendwa, Baba Neema,

Nina habari za msiba. Mke mwenzangu amefariki. Wewe ulimtangulia kwa miaka miwili, na sasa naye amefunga macho, ila yeye hakuugua mapafu kama wewe. Yeye aliugua majivuno. Namsema yule yule unayemjua: kampuni ya programu ya kuandikia muziki, ambayo uliiingiza nyumbani kwetu tulipokuwa bado tunaishi chumba kimoja juu ya duka la samaki, kabla hatujahamia hapa Great Barr, pembeni mwa Birmingham.

Tangazo la kifo lilikuja kwa jina lako. Barua zake zote huja kwa jina lako, tena kwa heshima, kwa sababu siku ya kujiandikisha uliulizwa jina la kwanza ukajaza "Baba", ukaulizwa la ukoo ukajaza "Neema". Tangu hapo kampuni nzima, na mameneja wake wote, ikawa inakuita Baba. "Mpendwa Baba, tuna habari za kusisimua." Hivyo ndivyo ilivyoanza na hii ya mwisho. Kwa kusoma barua zako nimejielimisha jambo moja: kampuni ikisema ina habari za kusisimua, shika mkoba wako vizuri, kuna kitu wanataka kukunyang'anya.

Unakumbuka siku uliyoileta? Ulitoka mjini na basi umeipakata mapajani kama mtoto anayetoka kliniki. Sanduku kubwa, ndani yake kisahani kimoja cha kompyuta na kitabu cha maelekezo kinene kuliko Biblia yetu. Ukaniambia, "Mama Neema, hii ndiyo wanayotumia wote. Maprofesa. Watu wa sinema. Wote." Na haukuwa uongo. Siku hizo hapakuwa na mwalimu wa kwaya Birmingham hii, awe Mkenya, awe Mkongo, ambaye hakuwa nayo au hakudai kuwa anayo. Asiyekuwa nayo tulimwona kama mtu anayewasha kuni ndani ya gorofa.

Ndipo ulipopiga marufuku solfa ya ukutani katika kwaya uliyoifundisha. Zile herufi zetu, d, r, m, f, tulizokua nazo nyumbani, ambazo mwalimu huandika kwenye karatasi kubwa na kwaya nzima ikaimba sauti nne bila kupepesa. "Dunia imesonga," ukasema. Tukaanza kupewa karatasi za mistari mitano yenye viluwiluwi vinavyoogelea, na chini ya kila kiluwiluwi, kwa huruma yako, ukaweka herufi ndogo ya solfa, "kwa ajili ya wale walio nyuma kidogo." Ulipotamka "nyuma kidogo" ulikuwa unamtazama Barasa.

Barasa wa besi, anayefanya kazi kwenye ghala kule Washwood Heath, karibu na ukumbi wetu wa mazoezi, hakuwa mtu wa kutazamwa hivyo akanyamaza.

"Mwalimu, hii karatasi mbona imeingiliwa na siafu?"

"Huo ndio muziki wenyewe, Barasa."

"Na ule tulioimba miaka yote ulikuwa nini? Uji?"

Kwaya ikacheka, ukamnunia mpaka Pasaka.

Nakumbuka pia ulivyokuwa ukiwapigia simu wale watu wa kampuni. Mwanzoni alipokea bwana mmoja mpole, akakusikiliza, hata akakuuliza habari za mvua upande huu. Baadaye simu ikawa haipokewi na mtu, inapokewa na kinanda, nawe ukakaa nayo sikioni unasema, "Sikia, Mama Neema, hata huu wameuandika kwa programu yao." Kisha kinanda nacho kikaondoka, ikabaki fomu ya kujaza. Na kila mwaka walileta toleo jipya lililo sawa na la zamani, isipokuwa vitufe vimehamishwa, kama mama mkwe aliyekuja kukaa wiki moja akapanga upya jikoni. Wewe ulilisifu kila toleo. Kisha ulikaa siku tatu ukitafuta mahali pa kubonyeza ili kuchapisha.

Vijana wa sauti ya tena wakakuambia kuna programu nyingine, mpya, ya bure, inafanya yote hayo. Ukawajibu kwamba cha bure ni ghali. Wakati huo kampuni yako ilikuwa imeshauzwa mara mbili, kama ng'ombe mzee mnadani, na kila mnunuzi alimkamua kidogo halafu akampeleka mbele.

Sasa sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Neema ameolewa. Usishtuke, ni kijana mzuri wa Handsworth, anakula ugali bila kulazimishwa. Nawe ulinishika mkono kule wodini ukasema, "Wimbo wa harusi ya Neema umo ndani ya kompyuta. Usimwonyeshe mtu kabla ya siku yake." Nikatii. Nikaifunika kompyuta kwa kitambaa kama sufuria ya maandazi. Sikujua kwamba ile programu, kila ikifunguliwa, huomba ruhusa kwa kampuni kupitia mtandao, na kwamba baada ya Ijumaa waliyoipanga kufunga hapangekuwa na mtu wa kuitoa. Habari ya kusisimua yenyewe ndiyo hiyo. Niliisoma Jumanne ya wiki hiyo hiyo, imechelewa, kwa sababu nilikuwa nimechoka kusisimuliwa.

Ikabidi nimwambie Neema kabla ya siku yake. Nilirudi na treni kutoka Sutton Coldfield, kwa bibi mzee ninayemhudumia, nikamkuta ameshaiwasha kompyuta. Alikuwa amefuata maelekezo ya kampuni akauhamishia wimbo kwenye ile programu ya washindani, ambayo kampuni yenyewe inaipendekeza sasa. Unaona ilivyoanguka? Ni kama mwenye hoteli kusimama mlangoni akiwaonyesha wateja hoteli ya jirani.

"Huwezi kuusikia," nikamwambia. "Spika ya kompyuta hiyo ilikufa zamani. Baba yako alisema."

"Mum, spika ni nzima," akanijibu kwa Kiingereza chake cha hapa, kile kinachoshuka ngazi kila mwisho wa sentensi. Ninamtafsiri. "Mtu aliizima tu." Akaibonyeza.

Baba Neema, nimezaa, nimeishi karibu na barabara kuu ya M6, nimelala chumba kimoja na mikoromo yako. Sijawahi kusikia sauti ile. Ilikuwa kama mbuzi aliyefungiwa katika duka la sufuria akiwa na haraka. Soprano alipanda, akaanguka, akapanda tena bila sababu. Neema alifunika mdomo.

"Mum. Baba alijua kusoma nota?"

"Baba yako alikuwa mwalimu wa kwaya tangu hujazaliwa."

"Sijauliza hivyo."

Akanionyesha. Programu yako haikubali herufi ikae peke yake. Kila herufi lazima itundikwe kwenye nota. Wewe wimbo ulikuwa nao kichwani kwa solfa, mzima, mtamu. Ulichohitaji ni misumari ya kutundikia makoti. Basi ukagongelea nota popote, nyingine juu, nyingine chini, ukizipanga kwa macho kama mtu anayepanga maua mezani. Muziki wote ulikuwa kwenye herufi. Na mhamisho wa kampuni ulibeba misumari ukaacha makoti.

Nikawaandikia kwenye dirisha lao la msaada. Nikasema wimbo wa marehemu mume wangu unalia kama kuku wanapigana. Jibu lilikuja hapo hapo: "Asante, Baba! Tunafurahi kwamba mhamisho wako umefaulu."

Tukarudi kwenye programu yako ya zamani, feni ya kompyuta inanguruma, nusu ya kioo imekuwa nyeusi. Neema akausogeza wimbo kidogo kidogo upande ule wa kioo uliobaki, nami nikapiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Ijumaa ilipofika programu ikaomba ruhusa, ikangoja, ikaomba tena. Nikaizima mwenyewe. Haikufaa kuiacha ibishe hodi kwenye nyumba tupu.

Kwa hiyo wimbo nilikuwa nao. Shida ikawa wewe. Wa kuisoma solfa ile upesi na kuigawa sauti nne ni Barasa peke yake, na Neema akaniambia wazi: mtu yeyote anayejua nota akiitazama karatasi hii ataona kwamba nota za juu na herufi za chini hazijuani. Ama wimbo ufe na heshima yako ibaki, ama wimbo uimbwe na Barasa apate neno la kukusema mpaka siku ya kiyama. Nilifikiri siku mbili. Nikazichapisha zile picha, nikachukua mkasi nikaanza kuzikata nota, nibakize herufi tu. Nilipofika mstari wa tatu nikaona ni kama ninakukata kichwa. Nikaacha, nikachapisha karatasi nyingine nzima, nikapanda basi.

Nilimkuta Barasa nje ya ghala saa ya chakula, amevaa koti lake la kung'aa, anakunywa chai.

"Shemeji," nikamwambia, "nimekuja na jambo la aibu."

Akaiona karatasi mkononi mwangu, akaweka kikombe chini. "Shemeji, kabla hujasema, ngoja mimi nitangulie. Najua umekuja kuniomba nifundishe wimbo wa Mwalimu. Siwezi. Mwenye kufundisha lazima asome nota, na mimi hizo sijui kuzisoma. Sijawahi kujua. Miaka yote nilisoma herufi za chini. Mwalimu akinyoosha kidole pale juu, mimi natikisa kichwa."

Sikujua nicheke au nimkumbatie. Nikamweleza yote, mpaka mbuzi na sufuria. Alicheka hadi mwenzake akatoka ghalani kuangalia kama kuna ajali.

"Kwa hiyo hata yeye?"

"Hata yeye."

"Na mimi akaniita mtu wa nyuma!"

"Ndiyo, shemeji."

"Kumbe tulikuwa foleni moja!"

Kisha akaanza kuusoma, anaimba kwa pumzi, kidole kinatembea. Ubeti wa kwanza akatikisa kichwa, na safari hii alijua anatikisia nini. Ubeti wa mwisho kidole kikasimama. Mstari wa besi pale hauna herufi. Badala yake umeandika: "Hapa Barasa ajaze. Anajua."

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta kwa koti ambalo haliwezi kufuta kitu chochote. "Kwa nini hakuniambia?"

"Si mlikuwa mmenuniana?"

"Mambo ya siafu tu yale," akasema, akajifanya anatafuta kikombe chake.

Aliniomba ruhusa awaambie wengine. Nikampa, Mungu na wewe mnisamehe. Mazoezi yaliyofuata akasimama mbele ya kwaya akakiri kwamba hajui nota. Halafu soprano mmoja: "Hata mimi. Nilikuwa namfuata Mama Atieno." Mama Atieno akaruka: "Mimi? Mimi nilikuwa nafuata herufi!" Vijana wa tena, wale wajuaji wa programu ya bure, wakaanza kutazama viatu. Baba Neema, hakuna aliyejua. Hata mmoja. Kila mtu alidhani ni yeye peke yake, na kila mtu alitikisa kichwa ili jirani asimshtukie. Nawe ukiona vichwa vyote vile vinatikisika, ulifikiri umezungukwa na wasomi, ukazidi kuogopa.

Nimeketi nikawaza juu ya kampuni yako. Watu husema iliuawa na programu za bure. Mimi sikusoma biashara, nimesoma barua zako tu, lakini naona iliuawa na watu kama sisi. Ilipohamisha vitufe, tulisifu. Ilipotuondolea yule bwana mpole wa simu, tulingoja na kinanda. Haikupata mtu wa kuiambia, "Dada, hapa sielewi." Watu walitikisa vichwa, kisha wakaondoka kimya kimya mmoja mmoja, nayo ikaendelea kutangaza habari za kusisimua katika ukumbi usio na watu.

Ndiyo sababu barua hii nimeiacha wazi. Najua mjini humu kuna kwaya nyingine, na walimu wengine wenye spika "mbovu". Wasome. Wakiona aibu, waone na wamalize.

Harusi ilikwenda vizuri. Wimbo wako ulipofika ubeti wa mwisho, Barasa alijaza. Alijaza, akaongeza, akaongeza tena, mpaka mchungaji akaangalia saa na kwaya ikabidi imngoje kwenye amina. Neema aligeuka akaninong'oneza, "Mum, hapo mwisho ameandika nani, Baba au Mzee Barasa?" Nikamwambia wote wawili. Akalia, poda ikaharibika, kijana wa Handsworth akatoa leso. Mambo ya harusi.

Nimekufichua hadharani, Mwalimu. Ukitaka kununa, nuna, nimezoea. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa alto, na ule wimbo uliimbwa na watu ambao hawakuwa wanaogopa kushtukiwa. Miaka yote sikuwahi kuusikia muziki wako hivyo. Nadhani hata wewe mwenyewe hukuwahi.

Pumzika salama, bwana wangu.

Mkeo,
Mama Neema