Darubini ya Jaruba la Mama

Mama yangu,

Ulikuwa sahihi. Imisambi wana wekundu kooni, chini kabisa ya kidevu, kipande kidogo kinachoning'inia kama pindo la kitambaa. Misimu yote tuliyokaa juu ya dungu tukilinda mpunga, wewe ulisema upo, mimi nikasema haupo, na hao korongo warefu wenye taji hawakukubali hata siku moja kusogea karibu watuamulie. Sasa nimeuona. Nimeuona kwa darubini, na tangu siku hiyo natafuta mtu wa kumweleza vizuri. Kila ninayemfikiria, naishia kwako.

Lakini nianze na nyumbani, maana najua ungeuliza. Elia yuko darasa la tatu. Meno ya mbele yameng'oka ila maneno hayajapungua. Yule kuku wako mwenye kishungi bado anatagia kwenye kikapu cha mahindi na hakuna anayethubutu kumtoa. Siku za shule napika mimi, Jumamosi anapika Baba, na maharage ya Baba tunayala tu, tunamshukuru Mungu. Baba mwenyewe amekuwa mtu wa maneno machache. Anasema "Mmekula?" na anasema "Fungeni mlango." Jioni anawasha redio, habari zikiisha anaizima, kisha anabaki ameishika mapajani. Nilikuwa nakaa karibu naye nisijue pa kuanzia.

Siku ya kuganduka, ndugu walipokuja kutoka Katumba na Mishamo kumaliza msiba, nguo zako ziligawiwa. Sikutazama sana. Zikaisha zote, ndipo Baba akasimama mbele ya watu akasema jaruba lako la chini, lile la karibu na kijito, msimu huu ni langu. "Alilinde mwenyewe. Kitakachotoka humo ni chake, afanyie anachotaka." Shangazi akasema papo hapo, "Anunue cherehani." Watu wakaitikia, ndiyo, cherehani, msichana akiwa na cherehani hafi njaa. Mimi niliinamisha kichwa. Nilikuwa tayari najua ninachotaka, lakini kwa watu wanaoamka alfajiri kufukuza ndege ningekisemaje? Kwamba nataka kifaa cha kuwatazama?

Kosa ni la Madam Tausi, anayetufundisha biolojia. Alikuja na darubini yake shuleni akatupanga mstari, kila mtu achungulie kidogo. Zamu yangu ilipofika alikuwepo shore kwenye ua wa shule, yule yule anayekula mapapai yetu. Mama, shore ana manyoya ya njano chini ya mkia. Njano kali, kama amekalia kiini cha yai. Ndege niliyekaa naye maisha yangu yote, na nilikuwa sijamwona! Nilirudi nyumbani natazama kila kitu kwa wasiwasi, nikijiuliza ni vingapi vingine vimekaa hapo vinanisubiri.

Nilipomwambia Madam kuhusu jaruba, hakucheka. Alinipeleka Mpanda mjini kwa Dada Zuhura, anayeuza redio, tochi na kamera zilizotumika. Darubini zilikuwa mbili. Moja kubwa, nyeusi, nzito kama tofali, imeandikwa ishirini, maana yake inavuta kitu karibu mara ishirini. Nyingine ndogo, imechunika rangi pembeni, imeandikwa nane. Na hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa ghali. Nilidhani Dada Zuhura amechanganya bei. Mimi moyo wangu ulikuwa kwenye ile kubwa. Nani asingetaka ishirini? Madam akasema, "Usinunue namba, Devota. Nenda nazo shambani zote mbili, ushike kila moja mpaka mkono uchoke, ndiyo uamue." Dada Zuhura akashika kiuno, "Madam, hili ni duka, siyo maktaba." Wakabishana, wakacheka, na mwisho Madam akaacha simu yake pale kama dhamana. Zirudi Jumatatu.

Jumamosi alfajiri nilikuwa juu ya dungu kabla Elia hajaamka. Mpunga ulikuwa umeanza kuinama. Kamba za makopo nilizifunga kwenye nguzo kama ulivyonifundisha, ili mkono ukifika tu zivutwe. Nikaanza na ile kubwa.

Dunia yote ilitetemeka. Nilimpata mdiria juu ya kijiti, nikampoteza. Nikapata tope, nikapata majani, nikapata tope tena. Nilipompata kwa mara ya pili alikuwa anarukaruka, nikaduwaa, kwa nini ndege huyu hatulii, mpaka nilipoelewa kwamba ametulia sana na anayerukaruka ni mimi, mapigo ya moyo wangu. Nikaibana kwenye nguzo, nikashusha pumzi, bado. Na kwa kuwa jua lilikuwa halijatoka vizuri, ndani yake kulikuwa na giza kama ndani ya ghala.

Nikachukua ndogo. Ikatulia. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, ilitulia, na kulikuwa na mwanga ndani yake kuliko nje.

Ndipo imisambi wakashuka.

Walikuwa wawili, walitua kando ya kijito mahali pale pale ulipokuwa ukisema, "Hawa waache. Hawa wamekuja kutembea." Mama, lile taji siyo manyoya kama manyoya mengine. Ni nyuzi, moja moja, ngumu, za dhahabu, na kila uzi ulikuwa na tone la umande kwenye ncha. Shavu ni jeupe kabisa. Jicho ni la rangi ya maji, siyo jeusi kama tulivyodhani. Mmoja akageuza kichwa, akainua shingo, na hapo kooni kukawa na ule wekundu, unacheza kidogo anapomeza. Sikujua kwamba duniani kuna vitu vya mbali kiasi hiki vilivyomaliziwa vizuri hivi, mpaka kwenye ncha, na hakuna mtu anayevitazama.

Nikasikia kama mvua inakuja. Unaijua sauti hiyo kuliko mimi. Kweleakwelea walikuwa wanaingia, wingu zima, wakazunguka mara moja na kushuka kwenye jaruba lako. Kamba ilikuwa karibu na goti langu. Ningeivuta, wangeondoka. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye darubini, na badala ya kuiachia, niliigeuza nikawatazama wao. Maisha yangu yote nimewaona kama kitu kimoja kikubwa kibaya. Ndani ya darubini hakukuwa na wingu. Kulikuwa na huyu, ana uso mweusi na waridi kichwani, ameshika suke kwa mguu mmoja linamyumbisha. Na huyu, ana punje mdomoni, anamwangalia jirani yake kwa hila. Na huyu, na huyu. Kila mmoja alikuwa na sura yake. Nikawatazama wakila mpunga wako, Mama, na nilikuwa natabasamu.

Elia ndiye aliyeniamsha. Alikuja anakimbia anapiga debe, "Dada! Dada wewe! Wanakula! Umelala umekaa?" Baba akatokea majaruba ya juu, matope mpaka magotini. Ndege waliruka, na tulichoona chini yao sitakueleza. Masuke yalisimama wima, mepesi.

Baba aliniangalia. "Mungu kakupa macho mawili, ukaenda kuyaziba na vyuma?" Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoniambia tangu tukuzike. Imisambi walikuwa bado wamesimama kando ya kijito, nikamwekea darubini mkononi, nikasema, "Baba, tazama kwanza. Halafu unipige."

Aliiweka machoni kinyume. "Mbona umewarudisha mbali hivyo, mpaka Burundi kwa wazee wetu?" Elia alianguka chini kwa kicheko. Nikaigeuza nikamrudishia, nikamwonyesha gurudumu la katikati linalosafisha picha. Akalizungusha kwa kidole chenye tope, polepole. Kisha akaacha kulizungusha. Akanyamaza, lakini siyo kule kunyamaza kwa redio. Ulikuwa ukimya wa mtu aliye mahali fulani. Tulisubiri mpaka Elia akachoka akakaa. Mwisho Baba akasema, bila kuishusha, "Mama Devota alisema wana wekundu. Miaka yote nikamwambia hakuna kitu." Kumbe mlibishana naye pia! Hukuniambia.

Hakunipiga. Lakini mpunga ulioliwa haurudi kwa sababu watu wamefurahi. Tulipovuna, jaruba lako lilitoa kidogo kuliko wakati wowote ninaokumbuka. Elia alitembea na habari hiyo kijiji kizima, "Ndege wamekula darubini ya Dada." Hata mtu wa mashine ya kukoboa aliniuliza kama niliwapa na mboga. Shangazi akatuma ujumbe kwamba fungu dogo linaweza kutosha cherehani ya mkono. Nilichopata kiliweza kununua ile kubwa. Ndogo haikufikika.

Baba akanisindikiza mjini. Dada Zuhura akaiweka kubwa mezani pamoja na mkoba wake na mkanda wake, "Chukua mama, hii ni yako leo leo." Niliishika. Nilitazama mpaka mwisho wa barabara, nikaubana mkono ubavuni, nikaiomba kimoyomoyo itulie. Haikutulia. Lakini ilikuwa yangu, ningeivaa shingoni na kutoka nayo.

Baba akauliza, "Ile niliyotazamia ni ipi?" Dada Zuhura akamwonyesha. Akaishika kama anavyoshika yai. Akasema, "Tuchange. Ila sikupi zawadi, Devota, tusidanganyane. Nikitoa, nusu ni yangu." Dada Zuhura akapiga makofi, "Mzee, mtaikata katikati kama muwa?" Baba akajibu akiwa hana utani hata kidogo, "Tutapeana zamu."

Nikuambie ukweli, sikujibu haraka. Unajua nyumba yetu. Kitanda ninalala na Elia, simu ni ya wote, hata lile sweta la shule alilivaa binamu kabla yangu. Nilitamani kitu kimoja tu ambacho mtu akikitaka aje aniombe. Na namjua Baba, jembe likiingia mkononi mwake limeingia. Nilisimama pale, kubwa shingoni mwangu, ndogo mkononi mwake. Kisha nikamwangalia usoni. Alikuwa ameshaielekeza nje, kwenye waya wa umeme, midomo imefunguka kidogo, anamtazama njiwa. Njiwa wa mjini, Mama, wa kawaida kabisa.

Nikaivua ile kubwa. Nikasema, "Tunachukua ndogo."

Tangu hapo nyumba yetu ina kelele. Baba anatoka nayo Jumapili baada ya ibada, anarudi chakula kimepoa, na kabla hajakaa anauliza, "Devota, yule mweusi mwenye mkia uliogawanyika, anaitwa nani?" Mara nyingi sijui. Namuuliza Madam, narudi na jina, Baba anasema jina hilo halimfai. Tunabishana mpaka Elia anaziba masikio. Tunagombania zamu pia. Juzi alishikilia kwamba ni Jumapili, siku yake, wakati nilikuwa nimevaa sare ya shule. Mtu mzima! Na katikati ya ugomvi huo anakutaja. Anasema "Mama Devota angesema hivi," kisha anaendelea kula. Mwanzoni nilikuwa nashtuka. Sasa nangojea.

Wakati mwingine, ikiwa mikononi mwangu, nafikiri wewe uliona yote hayo bila chochote, kwa macho yako tu, ukiwa umebeba jembe na mtoto. Uliuonaje ule wekundu kutoka kule? Sijapata jibu, na sidhani nitapata.

Nakuahidi mambo mawili. Msimu ujao nitalinda jaruba lako, nitavuta kamba kwanza ndipo nitazame. Na nitawatazama wote, siyo wenye taji tu, hata shore, hata kweleakwelea wakishafukuzwa, mpaka nijue kila mmoja amemaliziwaje. Madam anasema kuna watu kazi yao ni hiyo. Sijamwambia mtu mwingine kwamba niliposikia hivyo sikulala vizuri. Wewe ndiye wa kwanza.

Pumzika salama, Mama. Ningeandika zaidi, lakini Baba amesimama mlangoni ananiita nije haraka nione kitu, ameivaa shingoni, na leo siyo zamu yake.

Mwanao,
Devota