Frida Kwenye Daraja la Kamba

Gungu, Kigoma
Jumatano

Kwa mdogo wangu Leonia,

Pokea salamu zangu, nikiamini zinakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba mguu wake uliovimba umeanza kupungua. Sisi huku Gungu hatujambo. Mume wangu Feliksi ana kikohozi cha vumbi, lakini kazini anakwenda. Dumu la mawese ulilotuma lilifika salama. Sikulitumia, maana siku hizi mafuta mazito yanamkataa Feliksi, nikampa jirani, akashukuru sana. Usijisumbue kutuma tena.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungelia, na kilio cha simu mimi sikiwezi. Bora niandike, niseme yangu bila kukatizwa.

Jumamosi iliyopita ofisi ya Feliksi ilifanya siku ya familia. Walitupeleka kwenye kambi moja ya wageni ufukweni, nje ya mji, ambako wamefunga kamba na vidaraja vya mbao kutoka mti hadi mti. Watoto wanapita huko juu, ziwa lote linaonekana. Mwanao Frida sikumchukua akacheze. Nilimchukua atushikie mabegi na kuangalia masufuria ya pilau, kama anavyofanya siku zote. Usinielewe vibaya. Miaka minne mtoto huyu yuko kwangu, anasoma, anavaa, anakula. Kushika begi hakumpunguzii kitu.

Ikatokea mtoto wa mhasibu akaumwa tumbo, nafasi yake ikabaki wazi. Feliksi akasema Frida apande. Nilitaka kukataa, kisha nikamwona mwanangu Thobias anatazama juu na kumeza mate. Nikasema haya, Frida atangulie. Niliwaza kwamba huyu wa kijijini Kagunga akifika juu atalia, watu watacheka, na Thobias akiona mwenzake anaogopa atapata moyo. Ndivyo nilivyopanga, sikufichi.

Kijana wa pale, Eliakimu, aliwavisha kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani, yenye ndoano mbili za chuma. Akawafundisha kwamba ndoano moja haifunguliwi kabla nyingine haijafungwa kwenye waya. Thobias aliyarudia maneno hayo vizuri, kwa ile sauti yake ya shule ya Kiingereza, hata mke wa mkuu wa ofisi akageuka kumtazama. Frida alizijaribu ndoano zake. Alikuja na ndala, kwa hiyo walimwazima raba kubwa kuliko miguu yake, akazifunga kamba na kupanda.

Leonia, mwanao alipita kule juu kama anavuka uwanja wa shule. Thobias, aliyekuwa nyuma yake, alifika katikati ya daraja refu, lile la mbao zinazocheza, lililo juu ya mawe, akakwama. Akakumbatia kamba na kufumba macho. Halafu suruali yake nyeupe, niliyomnunulia kwa ajili ya siku ile, ikalowa mbele ya watu wote. Wenye simu wakazitoa. Nilimwita, nikamwambia awe mwanaume, nikamwambia ananiaibisha, akazidi kulia. Eliakimu alikuwa bado anajifunga mkanda ili apande kumfuata, Frida akawa amekwisha geuka.

Alirudi juu ya mbao zile zile, akamshika mkono, akaanza kumsemesha kwa Kiha. Unajua Kiha nimekipiga marufuku nyumbani kwangu, na mpaka siku ile nilidhani Thobias hakijui. Alimwambia asitazame chini, amtazame yeye, aweke mguu pale yeye anapotoa wake. Akawa anamfungulia ndoano moja na kuifunga mbele, kisha nyingine, huku yeye mwenyewe akienda kinyumenyume, mpaka wakafika kwenye mti. Watu walipiga makofi. Mke wa mkuu akauliza yule binti ni wa nani, na Feliksi akajibu bila kunitazama kwamba ni wetu.

Waliposhuka nilifungua mikono nimpokee mwanangu. Thobias akanipita. Alikwenda kukaa na Frida kwenye mizizi ya mti, akaficha uso begani kwake, na ni Frida aliyemfunga kanga kiunoni kuficha suruali. Kanga yangu, aliyoitoa kwenye begi langu. Iliniuma, Leonia, iliniuma kuliko siku niliyomzaa.

Tangu hapo nyumba si yangu tena. Feliksi ameagiza Frida ale mezani, asifagie uwanja kabla ya kwenda shule, na mimi nimwambie asante. Kila jioni ananiuliza kama nimeshasema. Sijasema. Thobias na Frida wanaongea Kiha jikoni, nikiingia wananyamaza. Mimi nimezoea kumpa mtoto huyu, na yeye amezoea kupokea akiwa ameinamisha kichwa. Sasa ananitazama usoni, kwa upole kabisa, na siwezi kuuvumilia upole huo. Angeanguka siku ile ningemuuguza kwa moyo mweupe.

Basi nikueleze kwa nini nimemtuma. Frida anapanda boti bandarini Kibirizi akijua anakuja kukusalimia mpaka Jumapili, iwe zawadi yake kwa ajili ya Thobias. Amefurahi mno, amechukua gauni moja tu na kuacha kitanda kimetandikwa. Leonia, harudi. Shuleni nimekwisha kumwondoa. Feliksi ameondoka leo asubuhi kwenda Kibondo kikazi. Akirejea nitamwambia wewe ndiye uliyemtaka mwanao, nawe hutanipinga, maana unajua dawa za mama zinatoka kwa nani. Thobias nitamwambia Frida ameomba mwenyewe kuondoka, kwa sababu amechoka kuishi na mvulana anayejikojolea. Atalia siku mbili tatu, kisha atamchukia, na akishamchukia atarudi kwangu.

Jambo moja limebaki. Wewe kusoma hukujaliwa, na macho ya mama yamekwisha. Hapo nyumbani hakuna wa kuwasomea barua isipokuwa Frida, kwa hiyo ni yeye anayeisoma sasa hivi, na nyote wawili mnamsikiliza. Nililijua hilo nilipochukua kalamu. Ana kwa ana nisingeweza kumwambia.

Frida, umesoma vizuri. Baba yako mkubwa alitaka nikwambie asante kwa ajili ya Thobias, basi asante. Usilie kwanza, kuna salamu bado.

Bibi yako mpe pole ya mguu, mwambie dawa nyingine nitamtumia mwisho wa mwezi. Majirani wote wa Kagunga wasalimieni, wanaonikumbuka na walionisahau. Mungu awaweke.

Ni mimi dada yako,
Eufrasia