Profesa, Nyumba Yako Haikugawanywa

Mwipwa wangu Profesa,

Minye mujomba wako ndiye naandika, ule alikubeba ku mabega toka Kambove mpaka Likasi, simba mbili nyuma yetu. Siku zote ulisema ilikuwa mbuzi moja. Leo hauko wa kunikatalia, basi nakubali: mbuzi moja, lakini kubwa.

Ku maziko bantu ba iniversite balisema hakuna muntu mu Katanga muzima alijua kupita weye mawazo ya bazee ba Ugiriki na Roma ya zamani: namna muntu anapashwa kuishi, namna muji inapashwa kutawaliwa. Nikasema kwa sauti, "Ni minye nilimufundisha kusoma." Ku masomo nilikomea mwaka ya tano, unajua. Lakini nilikuwa nalia, habakuniuliza kitu.

Kilio ikaisha, jamaa ikakaa ku nyumba yako ya Shituru kugawa bintu. Kwetu mwana wa dada akifa, mujomba anasema wa kwanza, na bibi ya marehemu anabeba nguo zake anaenda. Nilikuwa nimeshajigamba ku soko: foteyi, kiti yako kubwa, ni yangu, televizyo ni yangu, nyumba ni yangu. Dada yako Mwansa alikuya na kamba za kufungia bitanda. Bibi yako Ngoie alikaa ku mukeka, mutoto wenu ku mapaja, hakuangalia muntu.

Funguo zilikuwa ku meza. Bote balikuwa bananingojea.

Siku moja nilikuuliza, hawa bazee bako balikufa zamani hivi bananisaidia nini. Ulijibu, "Mujomba, banauliza jambo moja tu: muntu wa nguvu, siku hakuna wa kumuzuia, atafanya nini?" Nilicheka. Nikasema atakula nyama yote.

Siku ile hakukuwa wa kunizuia. Hata weye.

Nikabeba funguo, nikaziweka mu mukono ya Ngoie. Mwansa akasema, "Mujomba amelewa." Hapana. Kidogo, sawa, lakini haikuwa pombe ilisema.

Sasa jamaa hainisalimii. Jumamosi banarudi na chifu wa kwetu. Banasema nimeuza desturi. Bakuye. Desturi inanipa neno ya kwanza, na neno yangu ni ile ile. Bitabu byako biko mahali pake. Kila asubui nasoma ukurasa moja, kidole ku mustari. Nusu sielewi.

Lala, mwana wa dada yangu. Nakuahidi kitu moja, na hii si ya kujigamba. Kesho napeleka Ngoie ku komini, ku ofisi ya serikali, nyumba iandikwe jina yake. Minye pia nitakufa, na mujomba atakayenifuata labda hatakuwa na mwipwa kama weye.