Mizani Tatu Zilizopotea

Papa wangu mpendwa,

Juzi nilikuwa nawafundisha wajukuu zako kuhesabu mizani, nikajikuta nagonga meza kwa vidole viwili kama ulivyokuwa ukigonga wewe. Ndiyo maana nakuandikia.

Ulikuwa karani bandarini, mtaa wa Makiso, na jioni ulimtungia mama utenzi. Mwaka wa uhuru, mji wetu ukiitwa bado Stanleyville, ulinifundisha sheria zake: kila mstari mizani nane, mistari mitatu ya kwanza ya ubeti ifanane kina, wa nne uishie kwa "ka", ubeti hadi ubeti. "Sikio iko inasoma mbele ya macho, mutoto," uliniambia. Nilikuwa na miaka minane, nikadhani hesabu hiyo umeipanga kwa ajili yangu.

Kisha ukaja uasi. Makarani walikamatwa, na karatasi yoyote yenye mwandiko ilitosha kumtia mtu matatani. Nilikuona ukichana daftari la utenzi na kulitia kwenye makaa ya moto, ukurasa mmoja mmoja. Mama aliendelea kupepeta mchele. Siku za risasi tulilala sakafuni, nawe ukanishika mkono na kugonga kiganjani mwangu bila sauti: nane, na nane tena. Mimi nilijaza maneno moyoni. Hofu ilipungua, Papa. Sikuwahi kukuambia.

Utulivu uliporudi, ulikaa uuandike utenzi upya, maneno yakakataa kuja. Nikakusomea kwa kichwa, nawe ukawa unaandika mbio, mpaka ubeti wa mwisho:

*Mto wetu unapita,*
*Mawimbi kama ya vita,*
*Ng'ambo mpenzi aita,*
*Nami navuka…*

Hapo nikakwama.

"Iko tano tu," ulisema. "Tatu imepotea." Ukajaribu "na shaka". Mizani zikatimia, kina kikakubali, lakini ukatikisa kichwa. "Bon, inaingia. Lakini mimi sikukuwa na shaka."

Mama alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akasema bila kuinua macho, "Haraka. Ulisema unavuka haraka. Na siku ile ulichelewa."

Ulicheka mpaka ukaweka kalamu chini. Kilikuwa kicheko chako cha kwanza tangu uasi uanze.

Baada ya wewe kuaga dunia nilimuuliza mama, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, kama alikumbuka neno lile tu. "Nilijua yote," akanijibu. "Lakini wewe ulikuwa unasomea papa yako. Ningeingia namna gani?"

Sasa naye yuko huko uliko. Mimi ni mzima, nyumba imejaa kelele za watoto, na nimeridhika. Utenzi wenu nimeunakili kwa wino, uko mezani sebuleni, umefunuliwa. Yeyote anayeingia anausoma, na hakuna anayeuficha.

Pumzikeni vyema, Papa.

Binti yako wa kwanza