Unyayo Chini ya Beseni

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Huku Mwabungo hatujambo, na mguu wa mamako umepona.

Wasema huko Nairobi kampuni yenu inafuatilia meli baharini kwa setilaiti, na wauliza mimi nilijuaje meli ya babuyo ilipo. Sikujua. Siku aliyosafiri, mamake alinikataza kufagia: ukimfagilia msafiri nyuma yake, unamfungia njia ya kurudi. Mlangoni ulibaki unyayo wake mchangani. Nikaufunika kwa beseni, kuku wasiuchakure, na kila asubuhi nikafunua kuutazama. Mvua ikaja ikaufuta. Nikaendelea kufunika vilevile, mpaka aliporudi akalikuta beseni palepale.

Ulipoondoka wewe, nilikataza watu kufagia. Lakini mlangoni tumeshatia saruji, Mwanasha. Hukuniachia hata unyayo.

Ni mimi bibiyo,
Mwanakombo