Kanisa Dogo, Sufuria Kubwa

Mdogo wangu Neema,

Hujambo? Masomo ya kuchora ramani yanaendaje? Huku Nansio ulihitajika sana. Masatu, mchumba wa binamu yetu Sabina, alichora mwenyewe ramani ya kadi ya harusi: kanisa ni msalaba mdogo mweusi pembeni, nyumbani kwao, penye karamu, ni sufuria kubwa nyekundu katikati. Sasa jicho lingeenda wapi? Tuliposhuka melini, wageni wote tuliifuata sufuria!

Wapishi walishangaa. "Misa imeisha? Mbona hata mchele haujaoshwa?"

Mara simu ya Mama Mkubwa ikaita. Ni Sabina, analia. "Mko wapi? Kanisani tuko na padri na kwaya tu. Mmenisusia?"

Tulirukia bodaboda, viatu mkononi. Sabina alipomwona Mama Mkubwa anashuka, kilemba kimemfunika macho, alicheka machozi hayajakauka, hadi padri akamsubiri. Kisha Sabina akamgeukia Masatu. "Yaani kanisa ukalichora dogo kama sisimizi?"

"Niliogopa wageni wasije wakakosa chakula."

Na kweli, hakuna aliyekosa. Samaki wa huku, sato, ni mtamu, laiti ungekuwepo! Wote wanakusalimu, na Mama Mkubwa anasema usome lakini ule.

Dada yako akupendaye,
Rehema